Sensa Iliyopimwa Baada ya Chai

Mimi ni fundi wa waya za magari pale Malaba, na nianze kwa kukiri kwamba mimi si mtu wa kuambiwa. Hiyo si sifa, ni ugonjwa. Mume wangu anaujua, wanangu wanaujua, na madereva wa trela wanaopanga foleni kuelekea Uganda wanaujua zaidi, maana wao hunisikia mchana kutwa nikigombana na injini kama mtu anayegombana na mke mwenza. Lakini kazi yangu naipenda. Zaidi ya miaka ishirini nimekaa kando ya barabara ile na kisanduku changu cha spana, mita yangu ya kupimia umeme na stuli ya miguu mitatu, na sijawahi kuamka asubuhi nikatamani kazi nyingine.

Kazi nilifundishwa na mjomba wangu, marehemu sasa. Alikuwa na kovu la kuungua lililoanzia sikioni likashuka mpaka begani, la siku alipofungua rejeta ya lori kabla halijapoa. Kwa hiyo sheria yake ya kwanza ilikuwa hii: gari likija moto, usiliguse. Inua boneti, agiza chai, kaa chini, uliache lipumue. Nami nikaishika, na wenzangu wote wa kando ya barabara wakaishika, hata wasiomjua mjomba. Fundi akipita akimwona mwenzake ameinama kwenye injini, swali la kwanza si gari lina nini. Anauliza, "Imekunywa chai?" Ukisema bado, utachekwa mpaka jioni.

Ng'ambo ya barabara, mkabala nami, kuna jirani yangu, fundi mwenzangu aliyekuja kutoka upande wa Uganda akaoa huku na hajarudi. Yeye hana mita. Ana jerikeni ya maji. Gari likikataa kuwaka, jirani anachota kikombe, anamwagia hapa, anamwagia pale, anasikiliza, halafu anamwambia dereva apige stata. Na wakati mwingine, haki ya Mungu, gari linawaka! Nilikuwa nawaambia wateja wangu kwamba yule ni mhubiri aliyekosa kanisa, amebaki kubatiza magari. Ukimuuliza kwa nini maji, anacheka tu, anasema, "Nnyabo, mimi sijui, lakini gari inajua." Nnyabo ni vile wanavyomwita mama kwa heshima huko kwao. Mimi nilikuwa nikisikia jibu hilo, damu inanichemka. Kitu usichojua sababu yake si ufundi, hiyo ni bahati nasibu. Mimi nina mita, na mita haidanganyi.

Basi, siku yenyewe ilikuwa mwezi wa pili, jua la Februari lile linalokausha hata mate. Saa tatu hivi asubuhi, watu wa bodaboda wakanisukumia pikapu kuukuu ya petroli yenye turubai nyuma. Aliyekuwa kwenye usukani ni mama mmoja mwembamba, umri kama wangu, kitenge kiunoni na gambuti miguuni. Nilimkaribisha vizuri, "Karibu mama, shida ni nini?" Hakunijibu la gari. Aliniuliza, "Kivuli yako iko wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, alishakunja turubai na kuanza kushusha maboksi. Maboksi sita ya katoni, yametobolewa matundu pande zote, na ndani yake kelele, chwi-chwi-chwi, mpaka madereva wa trela wakageuka kutazama. Aliyapanga chini ya kibanda changu cha mabati. Boksi la mwisho likakosa nafasi, akainua stuli yangu akaiweka juani. Stuli yangu! Nikamwambia, "Mama, hapa ni karakana, si banda la kuku." Akasema, "Samahani dada. Wakichomeka hawa, mimi sina pa kurudi."

Alivyolisema jambo hilo, polepole tu, nikaacha stuli ikae juani.

Akanieleza huku amepiga magoti, akiingiza mkono boksi moja baada ya jingine. Walikuwa vifaranga mia tatu, hamsini kila boksi, waliototolewa jana yake kwenye mashine ya bwana mmoja huko nyuma ya Malaba. Si wake peke yake. Ni wa kikundi chao cha kina mama huko Matayos, ambao walikuwa wakimngoja siku hiyo na majiko ya kuwapa vifaranga joto yamewashwa tayari. Na ilikuwa mara ya pili kumtuma. Mwaka uliotangulia alitumwa vivyo hivyo, akapanda matatu, maboksi yakawekwa buti la nyuma. Matatu ikangoja abiria Busia, ikangoja, ikangoja. Alipofika Matayos akafungua maboksi mbele ya wenzake wote, na hakukuwa na hata mmoja wa kulia.

"Walikwambia nini?" nikamuuliza.

"Hawakusema kitu. Walinipatia uji, nikakunywa, hakuna mtu aliongea. Wangenitukana ningelala." Akafunika boksi. "Na sasa wamenituma tena mimi. Si mwingine, mimi. Ndiyo nikaazima hii pikapu kwa shemeji. Nilisema buti ya mtu mwingine sitaweka tena."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, amefika kwa mwenyewe. Nilisema hivyo, kwa mdomo huu huu.

Nikapiga stata mara moja nikasikiliza. Injini ilizunguka kwa nguvu zake zote, kwa hiyo betri nzima, stata nzima. Lakini haikushika, haikukohoa hata kidogo. Kwenye dashibodi mshale wa mizunguko ulilala chini, hautikisiki. Nikainua boneti, nikachomoa plagi moja ya juu, pasipo moto sana, nikaigusisha kwenye chuma, nikamwambia mama apige stata tena. Cheche hakuna. Hapo nilishajua.

Ndani ya injini za siku hizi kuna vitu viwili vidogo, kila kimoja kinatosha kiganjani. Kimoja kinakaa chini karibu na krenki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, kingine juu karibu na kemshafti, ule wa kufungua vali. Hizo ndizo sensa. Kazi yao ni kuiambia kompyuta ya gari injini imefika wapi katika mzunguko wake, ili kompyuta ijue lini imwage mafuta na lini ipige cheche. Ya krenki ikinyamaza, kompyuta inadhani injini imelala, na mtu halishwi usingizini. Utapiga stata mpaka betri iishe. Mshale wa mizunguko kulala wakati injini inazunguka ni dalili yake kubwa.

Basi ningeipima pale pale. Mkono ulikuwa umeshika mita tayari. Lakini injini ilikuwa ya moto, mvuke wa joto unapanda usoni, na sheria ni sheria. Nikaiacha boneti wazi, nikaagiza chai ya watu wawili na mandazi. Haraka haraka haina baraka, nikamwambia mama. Yeye chai yake haikupungua hata funda moja, alikuwa anapepea maboksi na kanga. Mimi nilikunywa yangu, kisha nikanywa yake. Ikapita nusu saa na zaidi.

Injini ilipopoa vizuri nikalala chini, nikachomoa soketi ya sensa ya krenki, nikagusisha nyaya mbili za mita kwenye miguu yake miwili. Mita ikasoma ukinzani wa waya wake, omu elfu moja na mia moja na kitu. Mle mle inapotakiwa. Nikageuza mita kwenye kipimo cha umeme, nikamwambia mama apige stata, nione kama sensa inatoa ule mpigo wake mdogo. Namba zikarukaruka vizuri kabisa. Nikapanda juu nikapima ya kemshafti, nayo nzima. Nikairudisha soketi mahali pake. "Jaribu sasa." Pikapu ikawaka kwa mguso wa kwanza, ikanguruma kama haijawahi kusumbua mtu.

Sasa fundi mwenye akili angejiuliza imewaka kwa sababu gani. Mimi nilikuwa na jibu tayari. Nikamwonyesha mama vumbi la kijani kwenye soketi, nikamwambia, "Ni kutu ndogo hapa, nimesugua. Sensa zako ni nzima. Mita haidanganyi."

Jirani yangu ng'ambo ya barabara alikuwa amesimama mikono kiunoni, anatazama. Akapaza sauti, "Nnyabo, hiyo itazima tena! Imwagie maji uone!"

Nikamjibu kwa lugha ya kwao, bwana kwa heshima, "Ssebo, mwagia miguu yako, ina vumbi!" Madereva wakacheka. Na mimi nikacheka. Mama akapakia maboksi yake, akanishukuru kwa mikono miwili, akashika njia ya Busia. Nikarudisha stuli yangu kivulini nikakaa, nimeridhika kabisa.

Simu ikalia kabla ya saa sita. "Fundi, imezima." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Nimepita Adungosi kidogo. Hapa hakuna mti."

Nilichukua kisanduku nikarukia boda. Njia nzima nilikuwa namkaripia dereva wa boda aende mbio, halafu namkaripia kwa kwenda mbio. Nilikuwa najiambia labda ni mafuta, labda ni pampu, labda mama ameendesha vibaya. Mtu akijua amekosea hutafuta mwenzake wa kumbebesha.

Nilimkuta kando ya barabara, mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa kila upande, mabua makavu matupu. Alikuwa ameshusha maboksi akayapanga kwenye kivuli cha pikapu yenyewe, na jua lilikuwa utosini, kivuli chenyewe upana wa boksi moja tu. Amevua kanga anapepea, huku, kule, huku, kule. Na jambo nililolitambua kabla ya yote ni ukimya. Asubuhi ile vifaranga walitupigia kelele mpaka trela zikageuka. Sasa ilikuwa sauti moja moja tu.

"Wametulia," nikasema, kama mjinga.

"Hawajatulia. Kifaranga akisikia baridi, analia. Akisikia joto ananyamaza, anafungua mdomo hivi." Akanionyesha, akatanua mikono kama mbawa na kuachama. "Akinyamaza kabisa basi."

Nikapiga stata. Injini ikazunguka, haikushika. Mshale umelala. Kila kitu kama asubuhi. Nikainua boneti, joto likanipiga uso, na nikasikia mdomo wangu ukisema wenyewe, kwa mazoea, "Wacha ipoe kidogo kwanza."

Mama akaacha kupepea. "Kwa nini?"

"Ndiyo kawaida. Gari ikiwa moto haiguswi."

"Kawaida ya nani?" Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. "Fundi, hawa watoto ukiwapima asubuhi kwa kivuli yako, utaniambia ni wazima. Na ni kweli, walikuwa wazima. Shida yao iko saa hii, kwa hii jua. Na gari yangu ulipima ikiwa imepumzika. Sasa unataka kuipumzisha tena?"

Nina majibu mimi. Nina majibu ya kumnyamazisha dereva wa trela mwenye ndevu mpaka kifuani. Siku ile niliyaacha yote, nikashika mita. Kumbe! Miaka yote ile nimekuwa nikiwapa wagonjwa wangu chai na kivuli, halafu nawapima homa. Nikamkumbuka dereva mmoja aliyenirudia mara tatu wiki moja na gari linalozima njiani, na mara tatu nikalinywesha chai, nikalipima, nikalikuta zima, na mwisho nikamwambia ajifunze kuendesha. Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

Nikafunga kitambaa mkononi nikaingiza mkono. Soketi ikatoka, na bomba la moshi likanilamba hapa kwenye kifundo cha mkono. Alama ninayo mpaka leo. Nikapiga yowe ambalo sitaliandika. Lakini nyaya za mita ziligusa miguu ya sensa, na mita haikusoma elfu moja wala mia. Haikusoma kitu. Ilionyesha ile alama yake ya kusema hapa njia imekatika. Ndani ya sensa mna waya mwembamba kama unywele, umezungushwa mara nyingi. Wa hii ulikuwa umekatika mahali fulani, ukipoa ncha zake zinagusana, ukipata moto zinaachana. Asubuhi mita yangu haikudanganya. Mimi ndiye niliyeiuliza wakati usiofaa.

"Nipe maji," nikamwambia.

Maji pale yalikuwa chupa mbili, ameyatia glukosi, ni ya vifaranga. Aliitazama chupa, akayatazama maboksi. "Yote?"

"Nusu ya moja."

Akanipa. Nikamimina polepole juu ya sensa, ikachemka, ikafuka mvuke, na harufu ya sukari inayoungua ikatoka. Nikamimina tena. Macho yangu yako kwenye mita. Ikakaa kimya, ikakaa, halafu namba ikarudi. Elfu moja na mia mbili. Nikabaki nimeinama pale nikiwaza kikombe cha jirani yangu na kejeli zangu zote. Mdharau mwiba, mguu huota tende. Mimi miguu yote miwili ilikuwa imeota.

Tungeweza kuendelea hivyo, kumwagia na kwenda, kumwagia na kwenda. Maji ya kuomba hayakosekani kwenye maboma. Lakini ni kusimama juani kila kilomita chache mpaka Busia, na vifaranga wale hawakuwa na muda huo. Ilitakiwa sensa nyingine, na mtu mmoja tu niliyemjua ana gari lenye injini ya aina ile. Nikatoa simu. Kidole kilikuwa kizito kuliko spana.

"Ssebo."

"Nnyabo! Imezima?"

"Imezima. Ni sensa ya krenki, ikipata moto inakufa. Naomba utoe ya gari yako uniletee. Tuko mbele ya Adungosi."

Nikasikia spana ikigonga chuma. "Sema kwanza maji ni dawa."

"We! Huku vifaranga vinakufa!"

"Natoa tayari, niko chini ya gari sasa hivi, spana iko mkononi. Lakini wewe sema."

"Maji ni dawa."

"Banange, jamani, kuna trela inapita, sijasikia."

"MAJI NI DAWA!" Nilipiga kelele mpaka mama wa vifaranga akashtuka. Kisha, kwa mara ya kwanza siku ile, nikamwona akitabasamu. Asiyekubali kushindwa si mshindani, basi nilikubali.

Jirani alikuja na pikipiki yake, sijui alipaa, maana sikumtarajia upesi vile. Sensa kwenye mfuko wa shati, bolti yake ameishika kwa meno, na nyuma amefunga ile jerikeni yake. Safari hii jerikeni niliiona nikafurahi kama nimeona ndugu. Mama alilowesha gunia akalitandaza juu ya maboksi, akawachovya midomo waliolegea mmoja mmoja kwenye maji ya chupa iliyobaki. Mimi na jirani tukaingia kazini. Bolti moja tu, spana namba kumi, lakini imekaa mahali pa kukutukanisha. Alipoitoa ile mbovu akaishika kwa vidole viwili, inanata. Akanusa. Akaramba.

"Nnyabo," akasema, "hata sensa umeipatia chai?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye majani makavu. Nilicheka kwa ile kero yote ya siku, na yeye akacheka, na mama akacheka huku bado anachovya midomo ya vifaranga. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli alitusalimu kwa mashaka.

Tukafunga sensa, pikapu ikawaka. Sikuridhika. Niliacha injini ingurume ikapata moto sawasawa, nikaizima, nikapima ikiwa moto vile vile, kitambaa mkononi. Namba ikakaa. Nikapiga stata, ikashika. Ndivyo ninavyofanya mpaka leo. Gari likiletwa kwangu kwa kuzima njiani, linapimwa moto kwanza, chai baadaye, na wenzangu walicheka wiki mbili hivi, kisha wakaanza kuniiga bila kusema. Jirani naye alininunulia kikombe chekundu cha plastiki, akakitundika kwenye msumari wa kibanda changu. Nakitumia.

Siku ile jirani alirudi Malaba na pikipiki yake, kwenye gari lisilo na sensa, wala hakulalamika. Mimi sikurudi. Mama hakuniomba nimsindikize na mimi sikumuaga. Nilipanda tu, nikapakata maboksi mawili, mengine tukayabana katikati na nyuma ya viti, madirisha wazi upepo uwapige. Tukapita Alupe, tukaingia Busia, tukasukumana na watu wa mikokoteni na boda, tukatoka ng'ambo. Barabarani mama alisema mara moja tu. Alisema, "Usifungue. Usiangalie hata kwa matundu."

Sikuangalia. Lakini nilikuwa nasikiliza, kusikiliza ndiyo kazi yangu. Upepo ulivyowaingia, kelele zilirudi kidogo kidogo, boksi moja, kisha jingine, mpaka ikabidi tupaze sauti kama tungetaka kuongea. Boksi la chini mapajani mwangu ndilo lililochelewa. Niliomba Mungu kwa lugha zote tatu ninazojua.

Matayos walikuwa wanangoja nje ya nyumba moja yenye ukumbi wa mabati. Kina mama kama kumi na wawili, kila mmoja na katoni yake na kipande cha blanketi, majiko ya makaa yamefunikwa majivu. Walisimama tuliposimama. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyepiga kigelegele. Niliwaona wakitazama pikapu na nikaelewa kwamba mwaka uliopita walisimama hivi hivi.

Mama alizima gari. Mikono yake haikutoka kwenye usukani. "Fundi, fungua wewe," akasema. "Mimi siwezi."

Nikashuka, nikayapanga maboksi chini barazani. Nikafungua la kwanza, na kelele ikalipuka, chwi-chwi-chwi, vichwa vya manjano vinarukiana. La pili vivyo hivyo. La tatu. La nne. La tano. Sauti zilijaa baraza mpaka kina mama wakaanza kusogea, mmoja ameshika mdomo. Nikafungua la sita, lile lililokuwa mapajani mwangu. Walikuwa wanalia nao, wengi wao. Kwenye kona walilala sita, miguu imenyooka.

Mkubwa wao, bibi mmoja mwenye leso ya buluu, alikuwa ameinama kando yangu. Aliona nilichoona. Aligeuza mgongo wake kuelekea kwenye pikapu, akaingiza mkono, akawachukua mmoja mmoja, wote sita, akawaweka kwenye pindo la leso na kulifunga fundo taratibu, kama anafunga chumvi. Kisha akainuka. Mama wa vifaranga alikuwa ameshashuka, amesimama nyuma yetu na gambuti zake.

"Wamefika wote," bibi akamwambia.

Mama aliyatazama maboksi, la kwanza mpaka la sita. Aliyabeba siku nzima, aliingiza mkono humo mara mia, alijua kila boksi lina wangapi na limejaa vipi. Akalitazama lile fundo la leso. Akamtazama bibi usoni.

"Asante, mama," akasema.

Bibi akamshika mkono akamkalisha kwenye kiti, akaitisha uji. Ukaletwa kwenye bakuli kubwa, wa wimbi, wa moto. Akaupokea kwa mikono miwili, akanywa, na machozi yakawa yanamdondokea humo humo. Na kina mama wote kumi na wawili walikuwa wanaongea kwa wakati mmoja.